Kozi ya Tatu

Kabla ya chakula cha jioni nalowesha vitambaa vya meza,
maji kiasi tu, kwa chupa ya kupulizia,
ili sahani zisiteleze meli ikilalia ubavu.
Hilo nilifundishwa siku ya kwanza.
La pili: nisitaje bei.

Leo kozi ni saba. Jua halitui,
linazungukazunguka juu ya ukingo wa barafu
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bwana wa meza ya nne anataka barafu ya kale kwenye wiski.
Nakitia kipande. Kinalia, tss, tss:
hewa iliyofungiwa humo kabla babu wa babu hajapewa jina
inatoka, inanuka pombe.
"Sikiliza, Paninnguaq," ananiambia, ananisomea jina kifuani.
Nasikiliza.

Kozi ya tatu ni samaki bapa wa kilindini,
upana wa vidole viwili, juu yake majani matatu
yaliyooteshwa chini ya taa, karibu na injini.
Mpishi Gaspard kayapanga kwa koleo, pumzi kaibana.
Menyu inasema "wa hapa hapa".
Ni kweli. Asubuhi mjomba Inuteq alisogeza boti ubavuni mwa meli,
akamwinua samaki kwa matamvua,
akapunjwa, akajua kapunjwa, akanikonyeza.

Sahani sitini na mbili zimetoka. Za moto.
Ndipo kipaza sauti: "Dubu. Upande wa kushoto."

Viti vinasukumwa. Leso zinadondoka.
Bibi mwenye mkongojo anawapita vijana wawili.
Ukumbi umebaki na mvuke.
Gaspard anatoka jikoni, koleo mkononi,
anatazama mchuzi unavyoshika utando.
Anasema neno la Kifaransa. Nadhani ni tusi.

"Kula," ananiambia. "Angalau mtu mmoja ale ikiwa moto."

Nakaa kwenye kiti cha mgeni, mara ya kwanza.
Siagi. Ndimu. Kitu cha moshi nisichokijua.
Kitamu, jamani, kitamu kuliko nilivyotaka kiwe.
"Kimepungua nini?" anauliza, maana uso wangu hauna siri.
Nawaza jiko la mama kule Tasiilaq,
mifupa inayofyonzwa, watu wazima wakigombana kama watoto.
"Kichwa," namjibu. "Umekitupa wapi kichwa?"

Anakwenda. Anarudi na ndoo.

Nje wanapiga picha nukta nyeupe ndani ya weupe.
Sufuria imeanza kutokota.
Tutaanza na nyama ya shavuni.