Taa ya Kushoto

Fomu ya bima ina mistari minane
chini ya maneno haya: Eleza jinsi ajali ilivyotokea.
Nimeketi nayo tangu saa mbili usiku.
Chai imefunga utando,
na kalamu ya benki, ile niliyosahau kurudisha,
inanitazama.

Naam. Ilikuwa Alhamisi, mvua ya rasharasha,
Barabara ya Ngong, kabla hujafika Dagoretti Corner.
Mbwa alikatiza, nikakanyaga breki.
Nyuma yangu ikaja Probox
polepole, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa,
ikanigonga.
Bampa likaning'inia. Buti ikakataa kufunga.

Akashuka kijana, Mwendwa Kithome,
ndani ya koti la mvua la mtu mnene kuliko yeye.
Hakutazama gari langu, hakutazama lake.
Alifungua mlango wa nyuma akahesabu mayai,
trei arobaini za tajiri wake wa Kinoo.
Yamepasuka matatu. Matatu tu!
Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.
"Madam, tusiite polisi. Gari si langu."
Akanipa namba yake na trei moja ya mayai,
nami, Mungu anisamehe, nikaipokea.

Sasa kila mtu ana hesabu yake.
Fundi Ochola: elfu kumi na nane, na rangi ninunue mwenyewe.
Binti wa bima, sauti laini kama losheni:
leta abstrakti ya polisi, leta picha,
elfu kumi na tano za kwanza ni zako,
na mwakani lile punguzo la wasiodai usilitarajie.
Shemeji Makokha, mdomo umejaa ugali:
"Mdai tajiri wake! Aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa.
Ongeza na shingo. Sema shingo inauma."

Shingo haiumi.
Kinachouma hakina nafasi kwenye fomu,
kwa sababu taa yangu ya breki, ya kushoto,
ilikufa wiki tatu kabla.
Lokwang', mlinzi wa kazini, aliniambia getini:
"Mama, huku nyuma una chongo."
Nikamjibu, kesho.
Na ile ya kulia, kusema kweli, ilikuwa ikisitasita.

Nyani haoni kundule.
Darasa la tano tuliicheka methali hiyo
kwa ajili ya neno lake la mwisho.
Hakuna aliyetuambia ni somo la udereva.

Nikaandika: Nilisimama ghafla. Nikakata.
Nikaandika: Alinigonga kwa nyuma. Nikaacha.
Ni kweli,
kweli iliyosimama kwa mguu mmoja
kama korongo wa Nyayo juu ya mgunga,
akichafua kila kilicho chini yake.

Nikidai, Mwendwa atakatwa mshahara upi?
Nisipodai, nitakatwa upi mimi?
Sikuumbwa mtakatifu. Ada ya shule inangoja,
bampa limefungwa kwa kamba ya katani,
na mayai tumeshayala, yote thelathini.

Saa nne na robo nikampigia.
Alipokea mlio wa kwanza,
kama mtu aliyelala na simu kifuani.
Nikamwambia: elfu sita, hata kwa awamu. Hiyo ni ya bampa.
Taa ni juu yangu.

Kimya. Mahali fulani nyuma yake mtoto alikohoa.
"Taa gani, madam?"

Hakuwa ameiona.
Mvua, mayai, hofu ya tajiri: hakuwa ameona chochote.
Ningeweza kunyamaza.

Jumamosi, gereji. Nimeketi kwenye usukani,
mguu kwenye breki, kichwa nje ya dirisha:
"Imewaka?"
Ochola amesimama nyuma, mkono kiunoni,
anatafuna muwa, hana haraka.
"Kanyaga tena."
Nakanyaga.