Alipohama Paka

Sikujua kwa joto.
Malindi mwezi wa Februari joto ni la kila mtu,
huwezi kulishika ushahidi.

Nilijua kwa paka.

Kila adhuhuri, nje ya uwanja wa ndege,
chini ya Fielder yangu palidondoka maji,
tone, tone, karibu na gurudumu la kushoto,
na paka mmoja wa manjano, sikio limekatika ncha,
alikuja kuyalamba bila kunishukuru.
Madereva tukamwita Kodi,
maana hakosi siku, na haulizi umepata nini.

Jumanne moja alifika, akanusa lami.
Kavu.
Akanitazama kama aliyepewa risiti bandia,
akaenda zake chini ya gari la Shekuwe.

Ningeuliza siku ile. Sikuuliza.
Nilipandisha feni hadi namba nne,
ikapiga kelele kama mgeni asiye na la kusema,
ikanipulizia pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi.
Nikajiambia: ni njia ya Mambrui, haina kivuli.
Nikajiambia: ni abiria huyu, kajaza mwili kiti kizima.

Na abiria wa Pwani wana adabu mbaya:
hawasemi.
Bi Haluwa alijipepea kwa tikiti ya ndege hadi Gede,
kisha akashusha kioo, upana wa vidole viwili.
"Napenda harufu ya miti," akasema.
Bwana harusi wa Barani aliteremka
kanzu imemganda mgongoni kama stempu,
akanilipa, akaniombea dua.

Tena kulikuwa na ule mlio.
Zamani kompresa ilishika, ikatulia,
injini ikainama kidogo kama mchukuzi anayepokea gunia.
Sasa: tak. Kimya. Tak. Kimya.
Inashika, inaachia,
kama mtu anayempigia shemejiye kukopa
akakata kabla simu haijaita.

Niliusikia. Nikaongeza sauti ya redio.

Mwezi mzima. Ndipo nikaenda Maweni kwa Nyevu,
fundi asiyegusa swichi hata moja.
Alifunua boneti, akapitisha kidole
juu ya lile bomba linalopaswa kutoka jasho la baridi.
Vuguvugu.
Kwenye kiungo, mafuta yamenasa vumbi,
doa la ukubwa wa shilingi.

"Wewe jaza gesi tu," nikamwambia, "nina safari saa tisa."

"Kahindi, gesi si petroli.
Haichomwi, hailiwi. Inazunguka tu.
Ikipungua, ina mlango iliotokea.
Nikijaza bila kuziba
nitakuwa nimeipoza anga ya Malindi kwa pesa zako."

Akatoa pete ya mpira, nyeusi, imepasuka,
ingemtosha panya kwa bangili.
Hiyo ndiyo iliyonitoa jasho mwezi mzima.

Akafunga mpya. Akaunganisha saa zake mbili, ya buluu na nyekundu,
akavuta hewa yote, akasubiri kuona kama sindano itarudi.
Haikurudi.
"Ilianza lini?"
Nikafungua mdomo niseme wiki jana.
"Ilianza," nikasema, "paka alipohama."

Hakucheka. Aliandika kwenye daftari.
"Mwingine ni kioo kiligoma kufuta ukungu siku ya mvua.
Mwingine, mkewe alianza kuchagua kiti cha nyuma.
Kila mtu ana siku aliyojua,
na ana siku aliyokuja hapa.
Mimi nakula katikati ya hizo mbili."

Leo adhuhuri gari linadondoka tena.
Kodi yuko kwa Shekuwe, kanipa mgongo.
Nimewasha injini bila abiria, petroli inakwenda bure,
tone, tone,
kidimbwi kimefika ukubwa wa sahani.
Simwiti.
Deni la mwezi mzima
halilipwi kwa mluzi.