Jibu kwa Mjomba Mbarouk

Mjomba, sauti yako imefika,
dakika nne na sekunde kumi na moja,
ukiuliza kutoka Maskati
daktari wetu yuko mwaka wa ngapi sasa.
Nimeisikiliza mara tatu,
simu nimeiegemeza kwenye mfuko wa sukari.
Sikujibu. Mikono ilikuwa na samli.

Najibu leo, kwa maandishi,
maana sauti yangu ikitetemeka utaisikia.

Daktari wenu hayupo.
Aliyekuwepo alikaa Unguja mihula mitatu,
akajua mifupa ya mkono kwa majina yake yote,
akafaulu, usije ukadhani alifeli,
akarudi Wete kwa sikukuu
akakuta karai la Babu Shaame limepinduliwa uani
na kuku wamelifanya nyumba.

Karai lile unalijua.
Shaba yake ilikulisha hata ukaota ndevu,
ndiyo iliyokulipia boti ya kwanza pale Mkoani.
Babu alikuwa kitandani, bega limeganda.
Akasema bila kunitazama:
"Wanaume wote wa nyumba hii
walichojifunza ni kuila."
Kisha akageukia ukuta.

Niliwatoa kuku.
Nikalisugua kwa ukwaju na majivu siku mbili
hadi nikaiona sura yangu chini,
nyekundu, imepinda,
wala sikuichukia.

Mama alilia kama aliyefiwa.
Majirani wameshazoea kuniita Mama Daktari,
nitawarudishia vipi jina lao?
Mkataa pema, akasema, pabaya panamwita.
(Panapoita, Mama, pananukia zafarani.
Hilo sikulisema. Nililimeza.)
Shangazi Bitime: mwiko ule ni wa kiume,
na mgongo wa mwanamke una kazi nyingine.
Kaka Khelef, ambaye hajapika hata chai:
tutachekwa.
Baba hakusema kitu. Alitwaa shoka akatoka,
nikajua nimemuudhi.
Magharibi akarudi na kuni za mkarafuu,
akazibwaga mlangoni pa jiko,
akaenda kuswali.

Sitakudanganya. Halwa ya kwanza iliungua.
Ya pili ikawa uji.
Ya tatu tulimpa mbuzi wa Bi Raya,
naye akaitazama kwanza.
Wanga hauna huruma: ukiacha kukoroga uvute pumzi,
umeshika chini.
Saa mbili na nusu mkono hausimami,
na hapo ndipo nilipoikumbuka ile mifupa,
mmoja mmoja,
maana sasa yote ilikuwa ikiniita mimi kwa jina.

Lakini ipo dakika, Babu huiita kuachia.
Samli inajitoa pembeni yenyewe,
halwa inaiacha shaba,
inageuka na mwiko
kama mtoto anayegeuka usingizini.
Kule darasani niliingoja dakika kama hiyo
mihula mitatu.

Ada yako nimeiandika nyuma ya daftari la mauzo,
wino mwekundu, shilingi kwa shilingi.
Mwezi huu nimepunguza elfu sitini.
Utazeeka nikilipa. Nami nitazeeka.

Najua, kupeleka halwa Maskati
ni kupeleka chumvi kwa wenye bahari.
Hata hivyo mtoto wa Bi Asya anasafiri Jumatano,
nimempa kikanda kimoja cha ukindu,
nimekishona mwenyewe, mshono umekwenda upande.

*

Wiki mbili kimya.
Mama akiona simu yangu inawaka
anaacha kuchambua mchele.

Leo baada ya alfajiri sauti yako,
sekunde sita:
"Iliki umezidisha."
Na nyuma ya maneno
kijiko, kikikwangua.

Kweli, Mjomba.
Nilizidisha.
Kesho napunguza.