Jumamosi, Stoo ya Keko

Erasto, ile redio ya mbao uliyoiacha nusu
bado iko juu ya meza, tumbo wazi,
waya zake zimefungwa kwa uzi wa kushonea wa mama Tulinagwe.
Shomvi huipangusa vumbi la msumeno
linalotuingilia kutoka kwa waseremala,
kisha huirudisha palepale,
kama sahani ya mtu aliyetoka kunawa.

Tulikuwa saba. Wazee wa Valvu, watoto walituita,
watu wazima na akili zetu
tukigombania kapasita ya mwaka sitini na nne
kama shamba la urithi.
Wake zetu walichoka kuuliza faida.
Faida ni pale taa ya njano inapowaka polepole nyuma ya kioo,
mnanyamaza wote,
na sauti inatoka mbali, inakohoa, inafika.

Wewe ulikuwa sikio letu.
Pirbhai alipoleta redio ya marehemu baba yake
hukushika hata bisibisi. Uliinamisha kichwa tu:
"Huu si mkwaruzo wa spika. Kuna valvu imelegea mguu."
Na kweli, ilikuwa imelegea.

Ndiyo maana nina hasira, Erasto,
na kitu kilichokaa ndani yako miaka
bila kukwaruza.
Hakikuvuma, hakikupiga cheche, hakikunuka moshi.
Ulipoanza kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo
ulisema ni chai ya tangawizi.
Mkojo ulipokuja kwa kusuasua ulisema ni umri,
na sisi tukacheka, tukakubatiza Bomba la Mgao.
Mimi ndiye niliyelianzisha jina hilo.
Acha liandikwe hapa.

Kiuno kilipouma ulimeza vidonge vya dukani
ukaendelea kulehemu.
Ulipofika Ocean Road
saratani ilikuwa imeshatoka kwenye tezi dume,
imehamia mifupani.
Daktari, binti mwenye miwani, alikueleza taratibu.
Ukamuuliza: "Ilinipasa kuja lini?"
Akakunja karatasi. Hakujibu.

Siku tuliyotoka makaburini Kinondoni
Shomvi alisimama mbele ya gari, hakufungua mlango.
"Jumatatu," akasema, "wote."
Tukajua anasema nini. Tukaanza kutazama viatu.

Jumatatu, wanaume sita kwenye benchi moja,
tumebana mapaja kama wanafunzi waliochelewa.
Damu kidogo mkononi, hiyo haikutusumbua.
Ni habari ya kidole, tuseme ukweli,
kidole kile kimewazika wanaume wengi
ambao hakikuwahi kuwagusa.
Pirbhai alitangulia. Alitoka akifunga mkanda:
"Foleni ya benki inauma zaidi."
Nesi alicheka kabla yetu.

Watano tuliambiwa tupo salama, turudi tena kwa tarehe.
Wa sita alikuwa Kilasara,
Kilasara aliyekuja kwa sababu tulimwahidi supu,
anayelala kama gogo, haamki usiku hata mara moja.
Hakusikia chochote. Hakuna chochote cha kusikia.
Kipo, wakamwambia, lakini bado kidogo,
umekiwahi.
Supu yake ilipoa siku ile. Tulimwagizia nyingine.

Wewe unayesoma, kama umetimiza hamsini,
au hujafika lakini baba yako, au kaka yako, aliugua hivi,
usikae ukitega sikio.
Alikuwapo mtu mwenye sikio kuliko wewe.
Nenda ukamuulize daktari, mchukue na rafiki yako,
na kama anaona haya, mwahidi supu.

Redio yako hailii bado, Erasto.
Kilasara anasema akimaliza mionzi ataishika yeye.
Tumemwambia mikono yake mizito, ataivunja.
Amevuta kiti chako, ameketi.
Anasema ana muda wa kujifunza.