Ziwa la Kushoto

Kwetu Aisilandi hakuna jina la ukoo.
Mtoto huchukua jina la baba, basi,
na likifika kwa mjukuu limeshafutika.
Mimi ni Hallvarðsdóttir, binti wa Hallvarður;
Eydís wangu ni Ormsdóttir.
Tulidhani haturithishani kitu
ila sweta za sufu, na ubishi.

Kumbe kipo kinachopita bila kubisha hodi.
Shangazi aliondoka nacho na miaka arobaini na mmoja.
Baba alikibeba sabini na mitatu, kisimuume hata siku moja,
akanikabidhi kama mtu anayekupa funguo za nyumba
ambayo yeye hakuwahi kuingia.

Ndiyo maana kila Novemba napanda ndege ndogo ya kusini.
Nalala kifudifudi, maziwa yananing'inia shimoni,
mashine inagonga, inagonga,
fundi bati aliyenuniwa na mkewe.
"Usitikisike," anasema Jórunn nyuma ya kioo.

Mwaka huu wameona kitu.
Milimita sita. Ziwa la kushoto.
"Huenda si kitu," akasema daktari,
na hiyo huenda nimelala nayo siku nne, kitanda kimoja.

Ganzi. Kisha mlio, ta!
kama stepla ya ofisini.
Ta! tena. Mara tano.
Nikamwona baba juu ya Mývatn, Februari,
ziwa limeganda hata gari linapita juu yake,
naye anatoboa kwa keekee, anazungusha, anapumua mvuke,
mimi nimeshika ndoo.
Baba alitoboa ili apate.
Leo wametoboa, nami nimeshika ukingo wa kitanda
naomba (sijui namwomba nani)
ndoana irudi tupu.

Vinyama vitano kichupani,
vyembamba kama nyuzi zilizochomoka kwenye soksi.
Majibu Alhamisi.
Na nisiingie bwawa la maji moto siku tatu.
Siku tatu! Kijijini kwetu
majirani watajua kabla ya maabara.

Nimerudi nyumbani, Eydís akapiga simu.
Ana miaka kumi na tisa.
"Mama, na mimi nipimwe lini?"
Jibu nilikuwa nalo. Nimelifanyia mazoezi tangu yuko chekechea,
kwenye gari, bafuni, mbele ya kondoo.
Nikamwambia: subiri, maziwa yako motoni,
yatafurika, nitakupigia.

Jiko lilikuwa baridi.