Swali la Saba

Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili,
kwa hiyo fomu naijaza mimi, mezani, jikoni,
Shelburne, mwezi wa tatu, theluji imegeuka tope
na birika linanung'unika peke yake.

Anataka cheti. Wenzake kanisani wanacho,
kimetiwa fremu, kina taji la dhahabu pembeni:
uzao wa waliobaki upande wa Mfalme
makoloni yalipomgeuka.
"Na mimi je, niliota kama uyoga?" asema Lavinia,
na kisahani kinagongana na kikombe.

Swali la kwanza: jina la mhenga aliyehamia.
Naandika Hagar Vanslyke.
Kwetu tungemwita Hajiri,
na kuhajiri ni kuhama, namweleza,
jina na safari vimekatwa jora moja.
Anacheka. Ananiambia niandike herufi kubwa.

Swali la pili: alitoka wapi.
Shamba la Mholanzi, New Jersey, usiku,
mtoto mgongoni, chungu kisicho na kifuniko mkononi,
kwa kuwa jemadari wa makoti mekundu alitangaza
atakayevuka mstari wao ni huru.
Hakumpenda Mfalme. Hakumjua hata kwenye sarafu;
sarafu hazikuwa zake.
Aliupenda mstari.

La nne: ushahidi wa meli.
Upo. Karani wa bandari ya New York alimwandika:
*miaka ishirini na sita, ana nguvu,
kovu la moto shavuni, zamani mali ya fulani.*
Basi. Lavinia ameyahifadhi hayo
kama wengine walivyohifadhi Zaburi,
na akifika kwenye "mali" humeza mate.

La tano. La sita.

Swali la saba: taja namba ya kiwanja
alichokirimiwa na Mfalme, ukubwa kwa ekari.
Ambatisha hati.

Kiwanja.
Walipewa foleni, kisha foleni nyingine,
kisha mawe ya Birchtown, ng'ambo ya ghuba, na hayo si wote.
Hajiri alichimba shimo kama la kufukia viazi,
akaliezeka magome, akaingia na mwanawe,
baridi ya kwanza, baridi ya pili,
mchana akiponda kokoto za barabara ya watu
kwa kibaba cha unga wa mahindi.
Kiangazi kimoja askari walioachishwa kazi
walikuja na kamba za meli, wakaziangusha
nyumba za weusi mjini: eti wanakubali ujira mdogo.
Wale nao walikuwa waaminifu kwa taji.
Wajukuu wao wana fremu.

Majirani zake walipanda merikebu tena, kwenda Sierra Leone.
Yeye akabaki. Kwa nini, hakuna aliyeandika.
Lavinia husema alichoka na jina lake.

Nami namkumbuka babu yangu, askari wa keya,
aliyerudi kutoka Burma na nishani
yenye uso wa mfalme mwingine, na ahadi ya shamba.
Nishani dada yangu aliifanya kizibo
cha chupa ya mafuta ya taa. Iliingia barabara.
Ahadi ni deni, walitufundisha,
hawakutufundisha mdeni anadaiwa wapi.

"Umejaza nini?"
"Bado."
"Pameachwa nafasi gani?"
"Mstari mmoja, mama. Mfupi."

Anainuka, anapapasa ukuta, jokofu, ukuta,
mpaka mlango wa nyuma, anainama kwa kishindo cha magoti,
na mlango, ulioachiwa, unajibamiza.
Anarudi na jiwe la kuuzuilia,
jeusi, upande mmoja limelambwa na moshi.
Lilikuwa ukutani mwa shimo. Mama yake alimwambia,
naye aliambiwa na mama yake.

"Hati hii hapa," anasema. "Lipime."

Nimeliweka kwenye mizani ya unga.
Ratili tatu na robo.
Nimeandika hivyo, wino mweusi, walivyoagiza.
Bahasha imekataa kufunga, nimeifunga kwa kamba.
Kesho posta watauliza ndani mna nini.