Kadi ya Kumi na Moja

Asubuhi ile niliandika kwenye daftari la bandari:
saa kumi na mbili na robo, upepo watoka ziwani,
gugu limeziba gati la pili,
meli ya saruji imesimama nje, yangoja.
Kisha nikavua koti la kazi,
nikampeleka baba hospitali.

Daktari Nekoye ana kadi ishirini za picha.
Huziweka mezani moja moja
kama mcheza karata asiyetaka kumfunga mwenzake.
Kikombe. Baba akasema, "Chai."
Si mbali, nikajiambia, amebisha hodi kwa jirani.
Mbuzi. Akatabasamu, akanyamaza.
Ya kumi na moja: ufunguo.
Baba, aliyeendesha winchi miaka thelathini na mmoja
pale gatini Kisumu,
aliyeweza kutua shehena juu ya yai lisivunjike,
akaigeuza kadi juu chini,
akanitazama
kama abiria amtazamavyo karani wa tiketi.

Tukaonyeshwa picha ya ubongo wake.
Upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio,
kivuli, si kikubwa kuliko kokwa ya zambarau.
Nikaropoka: "Basi ni kama gugu. Limeziba njia."
"Hapana," ikasema sauti mlangoni.
Sirma wa mimea, tope hadi magotini,
apimaye gugu kwa fremu ya mbao na mizani ya samaki.
"Gugu huondoka upepo ukigeuka.
Usimdanganye mzee kwa mfano mzuri."
Nilimchukia
kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

Utafiti ni wao wawili, wa ubongo na wa majani.
Wamekusanya wazee kumi na wawili walioishi kandokando ya maji:
wapakuzi, wasuka mikeka, fundi mmoja wa reli.
Swali lao ni fupi:
jina lililopotea machoni
laweza kurudi kwa njia ya pua?

Sirma akaweka ndoo ya bluu sakafuni.
Harufu ya Dunga ikajaa chumba,
matope, mizizi, samaki wa jana.
Akatoa bua la pembetatu, bado linadondoka.
Baba akalinusa. "Togo."
Akatoa tete. "Odundu."
Akatoa kijiti chepesi, chepesi kama mkate mkavu.
"Orindi," akasema baba, na hakuishia hapo:
"Tulifunga matatu kwa kamba, tukaelea hadi Usoma,
mama akatuchapa sote."
Sentensi nzima, yenye kichwa na mkia,
ya kwanza tangu mwezi wa nne.
Kalamu ya Nekoye ikasimama.

Mwisho likatolewa gugu lenyewe, na ua lake la zambarau.
Baba akanusa, akalisukuma kando.
Hakuna.
Lilikuja ziwani yeye akiwa tayari mtu mzima, akasema Sirma;
labda jina lililoingia mwisho
ndilo hutangulia kutoka.
Aliandika "labda". Nililiona neno hilo, nikamsamehe.

Sijui nilitaka nini, nikanyoosha mkono wangu.
Baba akaushika, akainusa kiganja,
wino, grisi, sabuni ya bei rahisi,
akafumba macho.
"Togo," akasema.
Mimi naitwa Awino.
Nekoye akaandika: kosa.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha kusema
kwamba mama alisuka mikeka ya mafunjo,
na kwamba mimi, kwa haraka zangu, nilizaliwa juu ya mmoja
kabla haujakamilika.
Sijui kama baba alinikosa
au alinikuta.

Saa tisa na nusu nilirudi kazini.
Upepo umegeuka. Gati la pili wazi.
Meli imefungwa, mifuko elfu nne, sita imeloa.
Chini yake, mahali pasipo safu,
nikaandika neno moja la Kijaluo.
Msimamizi akalisoma, akavua miwani:
"Hii ni shehena ya nani? Tani ngapi?"